Betri Chini ya Kitanda

Bwi… bwi… bwi.

Elinipendo alitega sikio. Ilikuwa mchana, lakini madirisha ya chumba yalikuwa yamefungwa na ndani kulikuwa na giza. Binti yake Stella, wa darasa la kwanza, alilala kitandani na homa. Sauti ilitoka chini ya kitanda.

"Mbege hiyo inachachuka," aliwaza. "Ama kweli! Baba Stella Jumapili anaimba kwaya, Jumatatu anaficha pombe!"

Akawasha koroboi aufumanie huo mtungi. Mara akasikia hodi.

"Karibu! Nipo chumbani, kuna kitu nakitafuta."

Mgeni alikuwa Eliona, fundi wa sola kutoka Moshi mjini. Kikundi cha sola cha wanakijiji pale Kirua Vunjo kilimtuma akague kila nyumba na kusaini karatasi kwamba ni salama. Alipofika mlangoni alinusa harufu ya mayai viza.

"Mama Stella, rudi nyuma na hiyo koroboi! Toka nayo nje!"

Walimtoa mtoto, wakafungua madirisha. Eliona akapanda ngazi, akaifunika paneli ya sola juu ya paa kwa blanketi. Kule chini ya kitanda, betri ya sola, siyo mbege, ikanyamaza.

"Makubwa! Unafunika juu, kinanyamaza cha chini?" Elinipendo aliuliza.

"Jua ndilo lililokuwa linaichemsha betri, dada. Imeshiba na bado inalishwa."

Sifael, Baba Stella, alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe. "Karibu, fundi. Unasaini karatasi yetu?"

"Sisaini. Kile kiboksi cha kuzuia chaji kiko wapi?"

"Nilikitoa. Kila saa mbili usiku kinatuzimia taa! Nikaunga waya moja kwa moja."

"Kilizima kwa sababu betri ilichoka. Na ikishiba, chenyewe hukata chaji. Bila hicho, betri inatoa hewa inayoshika moto. Cheche moja tu, shemeji, au ile koroboi ya mkeo."

Sifael alimtazama Stella aliyelala mkekani. Mzigo ukamponyoka.

"Niliiweka pale wezi wasiichukue," alisema polepole.

"Wangechukua betri tu, siyo mtoto," Elinipendo alisema.

Siku hiyo hakuna aliyewasha taa. Kesho yake Sifael alipiga randa mbao. Alitengeneza sanduku lenye matundu juu na chini, na kufuli, akaliweka barazani penye kivuli. Eliona alikirudisha kiboksi, akafunga fyuzi karibu na betri, akajaza maji ya betri. Elinipendo alimshikia waya, akiuliza hili na lile.

"Na ili taa zisizimike mapema, tufanyeje?"

"Washeni mbili, siyo nne. Redio ipumzike."

"Hapo utagombana na Baba Stella!"

Jumamosi Eliona alikuja na kipimo chake. Alivuta kila waya kuona kama umekaza, akapima betri, akasaini. Kisha akaandika maneno kwa rangi nyekundu kwenye sanduku.

Stella, homa imekwisha, alisogea. Akafuata herufi kwa kidole, moja moja, kisha akasoma kwa sauti:

"Usilete moto hapa."