Miaka Kumi ya Tanuri

Mfagizi alimkuta mtafiti chini ya ngazi za wizara saa mbili kasorobo asubuhi, shingo imevunjika. Mkononi alishika nusu ya karatasi iliyochanika. Nusu ya pili haikuonekana.

Inspekta, mama mtu mzima asiye na papara, alianza na katibu muhtasi.

"Alikuwa anaandika nini?"

"Ripoti ya kamati, namna ya kupunguza hewa chafu. Alilinganisha njia tatu: kutoza kodi kila tani ya moshi, kuwapa wenye viwanda vibali vya kutoa moshi kwa kikomo, au kufunga matanuri ya makaa ya mawe. Alisema kodi peke yake inachelewa, na vibali wakubwa watavichezea. Akapendekeza matanuri ya kiwanda cha saruji yafungwe baada ya miaka miwili."

"Hiyo ndiyo karatasi aliyoshika?"

"Hapana. Leo saa moja na dakika kumi aliibadilisha hiyo miaka, akachapa nakala moja. Tumeiona kwenye kompyuta yake sasa hivi, mimi na wewe."

Msemaji wa kiwanda hakukana kwamba jana alimtishia marehemu. "Nilimwambia atajuta. Hasira tu, mama." Lakini kuanzia saa moja hadi saa mbili alikuwa redioni, mji mzima ukimsikia. Naye mlinzi wa lango aliapa kuwa hakuingia mgeni hata mmoja.

Saa sita Inspekta alifika nyumbani kwa mama wa marehemu. Mdogo wake marehemu, mchochea tanuri kiwandani, alimkaribisha sebuleni. Kilio cha mama kilisikika kutoka chumbani.

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Kaka alikuwa msomi, ila alitusahau. Eti baada ya miaka kumi tufungashe virago! Nitakuwa na hamsini na nne. Nani ataniajiri?"

Inspekta akaweka kalamu chini.

"Hiyo miaka kumi umeisoma wapi? Mpaka jana ilikuwa miwili. Kumi iliandikwa leo, kwenye karatasi moja tu."

Mdogo mtu akatia mkono mfukoni, akatoa nusu ya karatasi.

"Kila asubuhi nampelekea chai. Mlinzi hanihesabu mgeni. Kaka alinifuata ngazini akanionyesha karatasi hii, anatabasamu kama aliyeniletea zawadi. Nikapandwa na hasira. Nikaivuta, naye akaing'ang'ania. Ilipochanika, akaenda chali. Nilimwita, Inspekta. Hakuitika. Nikakimbia."

"Hesabu zake zote zinasema miwili," Inspekta alisema taratibu. "Kamati ingemcheka. Ile minane aliiongeza kwa ajili yako."

Mdogo mtu aliinama, akamkabidhi ile nusu ya karatasi.

Siku ile kamati iliahirisha kikao, na matanuri yakaendelea kuwaka.

"Usimwambie mama ni mimi," mdogo mtu alimnong'oneza Inspekta wakitoka.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama hapo, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, halii tena.