Anayegonga Chumba cha Juu

Jumatatu ile Hilda Luscombe alikuwa akianika mashuka nyuma ya nyumba, kama wanawake wengi wa kijiji cha Thornacombe wafanyavyo Jumatatu. Ulikuwa mwezi wa kumi, jua hafifu, upepo mzuri wa kukausha. Jirani yake, Bi Tuckett, akachomoza kichwa juu ya ua wa miti.

"Mwenzangu, unagongelea nini huko juu tangu asubuhi? Kama ni misumari, si umwite fundi?"

"Mimi? Si unaniona niko hapa nje?"

"Basi una panya wenye nyundo," Bi Tuckett akasema, akarudi kwa bata wake.

Hilda hakucheka. Aliendelea kuanika, na shuka moja likamponyoka, likaangukia matopeni.

Nyumba za safu aliyokaa Hilda, kwenye mteremko ulio chini ya kanisa, ni za zamani sana. Kuta zake ni za udongo uliokandwa na mabua, nene kuliko kifua cha ng'ombe, lakini nyumba zote ziko chini ya paa moja refu la nyasi, na sauti hupita darini. Ukiburuta kiti kwako, jirani anajua umeketi. Siku aliyokufa Agnes, Bi Tuckett angesikia kila kitu, kama si kwamba alikuwa amekwenda kumtazama binti yake mjini.

Agnes alikuwa dada mkubwa wa Hilda. Alipooza miguu, akalala chumba cha juu miaka mingi, na pembeni mwake iliwekwa bakora ya kugongea sakafu akihitaji kitu. Alikuwa akihitaji kitu kila saa. Maji. Mto. Dirisha lifunguliwe. Dirisha lifungwe. Mchana ule, mwishoni mwa majira ya baridi, akagonga. Hilda alikuwa jikoni kando ya moto, kikombe cha chai mkononi. Akajiambia, acha nimalize hiki kwanza. Agnes akagonga tena. Hilda akajimiminia kingine. Kugonga kukawa kwa taratibu, kisha kukakoma, na Hilda akafurahia ule utulivu. Hicho ndicho alichoshindwa kujisamehe baadaye, kwamba alifurahia.

Alipopanda, Agnes alikuwa sakafuni, blanketi limemzonga shingoni, macho yameelekea mlangoni.

Hilda akamwambia kasisi kwamba alikuwa ametoka kwenda kununua mafuta ya taa. Akawaambia hivyo hivyo na wengine. Watu wakampa pole, wakasema kwamba hawajapata kuona mtu aliyemtunza nduguye vile.

Tangu mazishi, kila aliyeingia mle ndani alisikia kugonga, isipokuwa Hilda mwenyewe. Muuza maziwa alisikia. Kasisi aliinua macho darini katikati ya sala, akayashusha, akaendelea. Jioni nyingi Hilda aliketi peke yake, pumzi ameibana, akitamani asikie hata mara moja tu, apande mbio. Hakusikia kitu.

Alhamisi ya wiki ile akaja Bwana Pinney, mtu mpole wa makamo, aliyetumwa kupima majengo ya kale ya kijiji ili yasije yakabomolewa. Hilda akamwacha apande peke yake na futi yake, akabaki jikoni kuandaa chai. Bwana Pinney akashuka upesi, akinyata.

"Samahani sana, mama. Ungenidokeza kwamba kuna mgonjwa, nisingeingia na haya mabuti."

"Mgonjwa gani?"

"Yule bibi kitandani. Hakukasirika, usiwe na wasiwasi. Ameniuliza tu kama umesharudi na mafuta ya taa."

Hilda akalishika birika kwa mikono miwili, akaliweka mezani polepole. Uongo ule aliutunga yeye mwenyewe, Agnes akiwa tayari ameshakufa.

Mgeni alipokwisha kuondoka, Hilda akapanda. Jua lilikuwa linatua nyuma ya mnara wa kanisa. Kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa. Akapiga magoti.

"Nilikusikia, Agnes," akanong'ona. "Sikwenda popote. Nilikusikia kila ulipogonga."

Akataka kuinuka. Miguu ikakataa. Akajaribu tena, akaanguka ubavu.

Chini, jikoni, kiti kikalalama. Kile cha kando ya moto. Mtu alikuwa ameketi.

"Nani huyo?"

Kijiko kikazunguka ndani ya kikombe. Hilda akapapasa chini ya kitanda, akaipata bakora, akagonga sakafu.

Kijiko kikatulia. Mtu alikuwa anasikiliza.

Akagonga tena.

Chai ikamiminwa. Taratibu. Mpaka kikombe kikajaa.

"Njoo," Hilda akasema. "Nakuomba."

Hakuja.

Aliyekuja ni Bi Tuckett, giza likianza kuingia, baada ya kuchoshwa na kelele za kugonga. Daktari alisema ni kiharusi. Hilda hakutembea tena. Alimalizia maisha yake kwa mpwa wake, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Kabla Hilda hajachukuliwa jioni ile, Bi Tuckett alimwinamia sikioni.

"Niambie, mwenzangu. Nani alikuwa jikoni kwako? Nimekuta kikombe bado kinafuka mvuke. Kwa nini hakupanda kukuinua?"

"Mwache," Hilda akasema. "Alikuwa amechoka tu."

Asubuhi yake Bi Tuckett akaenda kufagia. Jivu lilikuwa limemwagika mbele ya moto, na kutoka hapo nyayo za miguu mitupu zilivuka sakafu ya mawe hadi kwenye ngazi. Pale zilikanyagana, nyayo juu ya nyayo, kama za mtu aliyesimama muda mrefu akisitasita. Kisha zilirudi kwenye kiti. Bi Tuckett akamwaga maji, akasugua kwa sabuni na brashi. Za karibu na moto zikatoka. Zile za chini ya ngazi zilikuwa zimedidimia ndani ya jiwe, na vidole vyote vimeelekea ngazini, juu.