Chetezo cha Mnarani

Jumanne, tarehe kumi Juni 2025, saa kumi na nusu alasiri, nyama ya Idi iliyokuwa ikichemka jikoni kwa Hajra ilianza kunuka mzoga.

Alifunua sufuria. Mchuzi ulifanya utando wa kijani, na funza walikuwa wakijipinda katika maji ya moto.

"Baba Lulu," alimwita mumewe kwa sauti ya chini, "leo umepita wapi?"

Mwinshehe alikuwa mpiga picha. Wiki nzima alikuwa akipiga picha minara ya kumbukumbu ya vita mjini kwao Bagamoyo, uliowahi kuwa makao makuu ya Wajerumani.

"Mnara wa walionyongwa," alijibu. "Watu wameweka mayai pale, na chetezo. Picha ilikuwa inachafuka, nikaviondoa. Chetezo ni kizuri, nimempa mama. Mbona unanitazama hivyo? Wamenyongwa na Mjerumani, mimi nimewapiga picha tu."

Hajra alimshika mumewe mkono, wakakimbilia chumbani kwa mama. Mama mkwe wake, Bi Mina, alikuwa akifukizia udi kwa chetezo hicho tangu adhuhuri.

Walimkuta amechuchumaa nyuma ya mlango, anatafuna utumbo aliouchimbua uani ulikofukiwa siku ya kuchinja, utumbo mweusi wenye mchanga na kinyesi, na kila alipomeza nzi walimtoka puani, na majimaji yaliyomchirizika kidevuni akayalamba, akayalamba tena, huku akimtazama mwanawe kama mtu asiyemjua.

"Shikamoo, mama," Mwinshehe alinong'ona.

"Usiniamkie," ilijibu sauti nzito ya kiume. "Nilishe. Pale walikuwa wananilisha."

Maalimu Mwinyijuma aliitwa. Alisoma mpaka karibu na magharibi, kanzu ameivuta puani.

"Mashujaa wale wako kwa Mola wao," alisema. "Huyu ni jini aliyezoeshwa kula hapo, nawe umembeba na chombo chake. Kirudishe upesi. Bibi hana nguvu za kushindana naye."

Mwinshehe alikimbia nacho. Aliporudi, harufu ilikuwa imekatika, na Hajra alikuwa akimsafisha mama mkwe wake meno kwa kidole.

"Mwanangu," Bi Mina alisema kwa sauti yake mwenyewe, dhaifu, "nimekula nini?"

"Hukula kitu, mama," Hajra alimdanganya. "Tamka shahada."

Akaitamka, akakata roho.

Ewe Mola, mwoshe Bi Mina kwa maji, theluji na barafu, umtakase kama nguo nyeupe inavyotakaswa uchafu. Na wale walionyongwa, ambao hatukuwasomea hitima, warehemu. Amina.