Mawese Chini ya Mparachichi

Kila siku Scola alirudi kutoka shuleni na njaa yake, na kila siku alilikuta karai likimsubiri. Liliegemezwa ukutani karibu na bomba la uani, jeusi nje, jekundu ndani kwa mawese. Mama yake, Veneranda, aliamka alfajiri akakaanga mihogo na migebuka, samaki wa ziwani, akaviuza njia panda mpaka mchana, kisha akarudi nyumbani miguu imemvimba. Kuosha karai na masufuria ilikuwa kazi ya Scola. Ilikuwa yake tangu baba yake alipofariki, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaipenda.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mashapo ya mafuta yaliyobaki chini ya karai yaachwe yapoe, yakwanguliwe, yatiwe kwenye kopo la kuwashia moto. Kisha karai lipanguswe kwa gunzi la mahindi na majivu mpaka lisiteleze tena. Hapo ndipo sabuni na maji vifuate. Utaratibu huo aliuweka marehemu baba, na Mama aliurudia mara nyingi sana hata Scola akawa hausikii tena.

Siku moja mwezi wa saba, mikono ikimuuma na daftari la hesabu likimngoja, Scola aliona kuna birika la maji yaliyochemka jikoni. Akayamimina kwenye karai. Loo, mawese yakayeyuka yote kwa mara moja, yakawa mchuzi mwekundu, yakateremka ndani ya tundu la karo kama maji mengine. Karai likang'aa. Scola alijiona mjanja kuliko watu wote wa Ujiji, na toka siku hiyo gunzi la mahindi hakuligusa.

Nyumba yao ilikuwa kongwe. Aliijenga babu yake, kuta nene za udongo, vyumba vya upande huu na upande ule na ua katikati. Upande mmoja walikaa Scola, mama yake na kaka yake Christian, upande wa pili mpangaji wao Mama Ritha, mshonaji ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo miaka mingi iliyopita. Maji yote machafu ya nyumba, ya choo, ya bafu na ya karo la vyombo, yalikusanyika katika bomba moja la vigae vya udongo lililolazwa chini ya ua. Bomba hilo lilipita chini ya mparachichi mkubwa, likaishia kwenye shimo karibu na uzio. Watu wa nyumba hiyo walilitumia kila siku, ila hakuna aliyelifikiria.

Mparachichi walikuwa wakiufikiria. Baba yake Scola aliupanda alipokuwa darasa la sita, umri uleule wa Scola sasa, kwa mche aliopewa shuleni. Alipougua mwisho wake, aliomba kiti chake kiwekwe mahali ambapo angeweza kuuona kupitia dirisha. Kina Scola walikula maparachichi yake na ugali, wakawagawia majirani, na Mama alipouita "mti wa baba yenu" sauti yake ilibadilika kidogo.

Mwezi wa tisa maji yakaanza kuchelewa. Kwanza yalisimama bafuni kwa muda, yakaenda. Kisha tundu la karo likawa linakoroma. Baadaye maji hayakwenda kabisa, yakawa yanapanda, na harufu ikaingia vyumbani na kukaa humo kana kwamba imelipa kodi. Mama Ritha alifagia maji hayo asubuhi na jioni, mtoto wake mdogo akiwa amefungwa mgongoni ili asitambae humo. Mama alirudi kutoka njia panda, akachukua ufagio wa pili. Wote walichoka, na uchovu wa namna hiyo huwafanya watu waongee kidogo na kugombana kwa urahisi.

Baba mdogo Gervasi, mdogo wake marehemu, alikuja na fundi aitwaye Mzee Thobias. Mzee Thobias alikuwa kazini mtaa wa Mwanga tangu asubuhi na alitaka kwenda kulala. Alisukuma waya kupitia tundu la bafuni, ukakwama. Alipouvuta, ulikuja na vizizi vyembamba vichache. Akavitazama, akautazama mparachichi, akasema hakuna cha kujiuliza: mizizi imeingia kwenye bomba, na bomba la vigae haliwezi kushindana na mti. Dawa yake ni kuukata, kung'oa kisiki na kulaza bomba jipya. Gervasi alikubali. Alisema hata yeye mti huo unampa uchungu, lakini watoto hawawezi kuishi juu ya kinyesi.

Wakamtazama Mama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akikanda miguu yake.

"Ukateni tu," alisema. "Mimi sina nguvu ya kubishana na mti."

Kisha akaingia ndani, na jioni hiyo hakula. Scola aliiona sahani yake ikirudi jikoni jinsi ilivyopelekwa. Alijisikia vibaya sana, kwa maana kuna jambo lililoanza kumtekenya kichwani tangu Mzee Thobias alipovuta ule waya. Vile vizizi vilikuwa na rangi ya chungwa, kama mawese yaliyoganda.

Siku ya Jumamosi ndiyo iliyopangwa kwa kukata. Ijumaa, kabla Mama hajarudi, Scola alijaribu kulizibua bomba mwenyewe. Alichemsha sufuria kubwa la maji akalimwaga lote kwenye karo. Aliamini kama maji ya moto yaliyateremsha mafuta, basi yatayaondoa. Bomba likanguruma, likanyamaza, halafu maji yakafumka bafuni na kukimbilia kwenye mlango wa Mama Ritha, mahali alipokuwa ametoka kupadeki. Juu yake yalielea mapande madogo mekundu ya mafuta.

Mama Ritha aliacha cherehani. Hakufoka. Alichukua ufagio, akasimama akiyaangalia yale mapande.

"Mutoto," alisema taratibu, "hii maji iko na mafuta."

Scola alijibu kwamba hajui yametoka wapi. Akachukua dekio akamsaidia kusafisha mpaka sakafu ikakauka, naye Mama Ritha akamshukuru kwa moyo mwema wa kusaidia. Shukrani hiyo ilimkaa Scola kooni mfano wa mwiba wa samaki.

Jumamosi Mzee Thobias alifika na shoka na msumeno. Aliwaamkia watu wa nyumba kwa Kiha, "Mwakeye," akaviweka vyombo vyake chini ya mti. Gervasi akapanda. Mama alikuwa mbele ya karai lake akigeuza mihogo, na macho yake hayakutoka ndani ya karai. Msumeno ukaanza. Tawi la kwanza, lile lililokuwa likitoa kivuli kwenye dirisha la chumba cha marehemu, likalia na kuanguka na maparachichi yake machanga. Moja likabingirika hadi miguuni mwa Scola.

"Baba mdogo, shuka," Scola alisema. "Mti hauna kosa."

Gervasi alimwambia kutoka juu kwamba anaelewa, ila hayo ni mambo ya watu wazima, na asogee asije akaangukiwa.

"Siyo mti. Ni mawese. Niliyamwaga mimi."

Msumeno ukanyamaza. Scola akaeleza yote, kuanzia birika la kwanza hadi sufuria la jana. Alieleza jinsi alivyoacha kukwangua karai, na jinsi alivyomdanganya Mama Ritha aliyemshukuru. Mama aliinuka polepole kutoka kwenye kigoda, akaja upande wake, na Scola akafumba macho akisubiri kofi.

Kofi halikuja. Alipofumbua macho alimkuta Mama kwenye kamba ya kuanikia nguo, anaondoa nguo moja baada ya nyingine na kumtupia Mama Ritha. Kumbe "kamba" ile haikuwa kamba hata kidogo. Ilikuwa fito ndefu za mianzi iliyopasuliwa, zimeunganishwa kwa waya, zimefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Scola alianika sare zake hapo miaka yote bila kujiuliza.

"Hii ilikuwa ya baba yako," Mama alisema, akiifungua. "Kila mwaka kabla ya mvua alifunua chemba, lile shimo la kukagulia bomba, akaipitisha hii ndani ya bomba toka mwanzo hadi mwisho. Alipoondoka, nikaitundikia nguo. Sikutaka kuiona imekaa bure."

Gervasi alishuka mtini bila kuambiwa. Aliuliza chemba yenyewe iko wapi, maana yeye hakuwahi kuiona. Mama akaonyesha mahali palipopangwa kuni, hatua chache kutoka kwenye shina la mparachichi. Waliziondoa kuni, wakafukua udongo, na mfuniko wa zege ukatokea. Mzee Thobias aliutia mtalimbo, akaukandamiza hadi ukaachia. Wakaiacha kwanza chemba ipumue, maana hewa ya humo ilitosha kumwangusha mtu.

Ndani mlijaa mawese. Yalikuwa yameganda yakawa magumu, ya rangi ya chungwa, unaweza kuyakata mithili ya mche wa sabuni. Mzee Thobias alichutama, akatazama muda mrefu, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe. Akasema yeye aliuangalia mti kwa sababu ulikuwa mbele ya macho yake, wala hakuuliza chemba iko wapi, kwa sababu alikuwa amechoka. Akamgeukia Scola, akamwita mwanawe kwa Kiha.

"Maji ya moto huyapeleka mafuta mbali tu, mwana wanje. Kule chini ardhi ni baridi. Yakifika huko yanalala."

Kazi ikaanza, na haikuwa ya kupendeza. Mama aliwafunga watu wote mifuko mikononi, akawakataza watoto wadogo wasikaribie. Gervasi alisukuma mwanzi kutoka kwenye chemba kuelekea nyumbani, Mama Ritha akimimina maji kidogo kidogo kutoka juu. Scola aliyachota mapande yaliyotoka na kuyatia kwenye ndoo, na alipotaka kutapika alisogea pembeni, akapumua, akarudi. Hakuna aliyemwambia aache. Mafuta yale waliyafukia kwenye shimo alilochimba Gervasi mbali na kisima cha jirani.

Mwishoni ukatoka mkungu wa vizizi, vyembamba kama nywele, umeshikamana na mafuta. Basi Mzee Thobias hakuwa amekosea kabisa. Mti ulikuwa umechungulia kwenye kiungo kimoja cha vigae kilichopasuka, na mawese yakapata pa kushikilia. Akavikata vizizi kwa ndoano ya waya, akafukua kiungo hicho na kukiziba kwa saruji. Alisema mti unaweza kubaki, mradi bomba lichunguzwe kila mwaka, jinsi mwenye nyumba alivyokuwa akifanya.

Jua lilikuwa limeinama upande wa ziwani walipofungulia bomba la karo. Maji yakazunguka kwenye tundu, yakaenda. Mama Ritha alipiga makofi mara moja, akaenda kumlaza mtoto sakafuni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wote wakanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Scola alimfuata Mama Ritha mlangoni, akamwomba radhi kwa uongo wa jana. Mama Ritha alisema aliujua tangu jana, alikuwa akingojea tu Scola mwenyewe aukiri.

Baadaye Scola alimkuta mama yake ameketi kando ya lile tawi lililokatwa, akichuma maparachichi machanga ambayo hayangeiva kamwe. Alikaa karibu naye. Akasema, bila kuulizwa, kwamba aliyamwaga mafuta kwa sababu alikuwa amechoka kila siku, na aliogopa kusema kwa kuwa Mama alichoka zaidi.

Mama aliweka chini maparachichi. Kisha akamwita Christian, aliyekuwa amelala barazani na simu yake tangu kazi ilipokwisha. Akamtangazia kwamba kuanzia Jumatatu karai litakuwa lake siku moja na la Scola siku ya pili. Christian alifungua mdomo ili alalamike, akauona uso wa mama yake, akaufunga.

"Sikiliza, Scola," Mama alisema. "Kuchoka siyo dhambi. Mimi nimechoka tangu baba yako aondoke, na kwa uchovu huo nimeacha chemba yake ikazikwa na kuni. Wewe ulimwaga mafuta, mimi nilisahau bomba, na mzee wa watu hakufunua kitu. Karibu tuukate mti kwa makosa yetu sisi watatu. Ukichoka, njoo useme umechoka. Karai linaweza kulala chafu hadi asubuhi, hakuna atakayekufa. Lakini jambo ukilificha, linashuka chini, linaganda mahali usipoliona, na siku likipanda litaingia kwenye mlango wa mtu ambaye hakukukosea lolote."

Scola alisema amesikia. Na safari hii alikuwa amesikia kweli.

Mama aliinuka kwa kujishika magoti. Akaokota ule mwanzi mrefu, uliokwisha kuoshwa na kukauka, akaupa Scola ncha moja, yeye akashika nyingine. Waliupandisha pamoja chini ya paa la baraza, mahali ambapo marehemu alikuwa akiuweka. Nguo zilibaki zimekunjwa kwenye beseni, zikingoja Jumatatu Mama anunue kamba.