Twiga Alitangulia

Nyumbani kwetu kila siku ilikuwa siku ya kufua. Mama alikuwa dobi, na Baba ndiye aliyepiga pasi. Mimi na mdogo wangu tukirudi kutoka shuleni, kabla hata ya kuvua soksi, tulikuta lundo la nguo likitusubiri uani: mashuka ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya zahanati, mashati ya watu wa ofisini. Kazi yetu ilikuwa kuzichambua. Nyeupe huku, za rangi kule, zenye madoa pembeni. Mama hakutaka mchezo na madoa.

"Doa la damu?" aliuliza kwa sauti ya ukali wa kujifanya.

"Maji baridi, afande!" tulijibu kwa pamoja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na miezi minane. Mdogo wangu alikuwa ametimiza kumi na nusu, lakini alikuwa amenipita kwa kichwa kizima, na Baba alimwita Twiga. Mimi, kwa ufupi wangu na hasira za kuwaka haraka, aliniita Kibiriti. Wateja walipokuja kuchukua nguo walimwonyeshea Twiga kidole na kuuliza, "Huyu ndiye mkubwa, sivyo?" Nilicheka pamoja nao. Moyoni nilinuna.

Kitu kimoja kilinituliza. Ndani ya sanduku la Mama kulikuwa na mfuko wa kitambaa cha bluu alioushona kwa mkono. Alinionyesha siku nilipotimiza miaka kumi na miwili. Ulikuwa na pakiti mbili za pedi, chupi tatu mpya na kipande cha sabuni.

"Huu ni wako," aliniambia. "Siku ukiona damu usiogope, njoo kwangu. Wewe ndiye mkubwa, utaanza wewe, kisha utanisaidia kumweleza mdogo wako."

Twiga hakuambiwa lolote. Alikuwa bado mtoto.

Jumatatu moja nilikuwa nachambua mashuka ya nyumba ya wageni nikakuta sketi ya shule imeviringishwa katikati yake. Ilikuwa ya Twiga. Nyuma ilikuwa na doa lililosuguliwa kwa maji baridi, kama tulivyofundishwa, lakini halikutoka lote. Niliinua macho. Twiga alikuwa amesimama kando ya kamba ya nguo, akinitazama.

"Dada, nafikiri nimeumia ndani," alinong'ona. "Usimwambie Mama. Sijafanya kitu kibaya, naapa."

Nilimwita Mama. Hilo peke yake ndilo jambo jema nililofanya kwa siku tatu.

Mama alikuja mbio, akafuta povu mikononi, akamkumbatia Twiga. "Hujaumia, mwanangu. Hujafanya kosa lolote. Hii inaitwa hedhi, huwapata wasichana wote wakikua." Alimshika mkono wakaingia ndani. Nikawafuata. Mama akafungua sanduku, akatoa mfuko wa bluu, akampa Twiga.

Mfuko wangu.

"Wako nitakushonea mwingine," alisema bila kugeuka.

"Haya," nilijibu.

Alimwonyesha namna ya kuvaa pedi, namna ya kuifunga iliyotumika kabla ya kuitupa, na kwamba asikae nayo kutwa nzima bila kubadilisha. Halafu akamshika mashavu. "Sasa wewe umekuwa mkubwa," alimwambia. Neno hilo lilinichoma kama cheche ya mkaa.

Baba alipoelezwa, alipiga pasi mkono mmoja wa shati mara tatu. Twiga alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye benchi karibu naye na kumsimulia habari za shule. Jioni ile alikaa, na Baba akahamisha meza upande wa pili. Nilimwona Twiga akitazama mikono yake.

Kesho yake asubuhi Mama alitusindikiza shuleni, akamvuta pembeni mwalimu wa darasa la Twiga na kumnong'oneza, ili mtoto akiomba ruhusa ya kutoka asiulizwe maswali. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akamshika Mama bega.

Wakati wa mapumziko rafiki yangu aliniuliza kwa nini nimenuna. Rafiki huyo tulimwita Redio, na jina lenyewe lingetosha kunionya.

"Usimwambie mtu," nilisema. "Twiga ameanza hedhi."

"Twiga? Kabla yako? Si wewe ndiye mkubwa?"

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimejaa hadi kooni. "Amezidisha kukua yule," nikasema. "Si unamwona alivyo? Kama mama mtu mzima."

Redio alicheka. Nami nikacheka.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, wasichana watano wa darasa la Twiga walikuwa wamejipanga langoni. Mmoja alipiga goti. "Shikamoo, mama! Watoto hawajambo?" Twiga aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayesalimiwa. Hakukuwa na mtu. Wenzake wakaangua kicheko, na hapo akaelewa.

Nyumbani alioga, akatoka, akarudi kuoga tena. Kisha akanijia nikichambua nguo.

"Dada, nanuka?"

"Hapana."

"Niambie kweli. Sitakasirika."

"Hunuki, Twiga."

"Basi wamejuaje? Nilifunga sweta kiunoni siku nzima. Nilikaa vizuri."

"Sijui," nilisema, nikainamia soksi za watu ili asinione uso.

Jumatano alisema tumbo linamuuma. Mama alimwekea chupa ya maji ya moto tumboni, akamwacha alale. Lakini jioni, nilipokuwa nafungasha madaftari, Twiga alimweleza Mama kila kitu, goti na shikamoo na watoto hawajambo. Akamaliza kwa kusema kwamba shule basi.

"Nitabaki hapa nikusaidie kufua," alisema. "Mwili wangu umeharibika, Mama. Umekimbia mbele ya wenzangu."

Mama alikasirika hadi nikaona mishipa ya shingo yake. "Nani kasema? Waliojua ni wanne tu. Mimi sijasema. Baba yenu mdomo wake hufunguka wakati wa kula. Dada yako ni damu yako, hawezi. Kabaki mwalimu." Akanigeukia. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa mwalimu mkuu, mimi na wewe. Utamwonyesha waliomcheka mwenzio."

Nilijiambia nitasema baada ya chakula cha usiku. Kisha nikajiambia nitasema asubuhi tukitoka. Tulipotoka nikajiambia tukifika kwenye kona. Kona ikapita.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kabati la vikombe na saa iliyopiga kelele kuliko kawaida ya saa. Mwalimu wa Twiga aliitwa, akaingia na chaki bado vidoleni.

"Mwalimu," Mama alianza, "nilikukabidhi siri ya mtoto wangu, nawe umeigawa kama peremende. Sasa mtoto hataki shule."

"Mama, sijamwambia mtu yeyote."

"Basi ukuta ndio umesema?"

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Mwalimu, hili ni jambo zito. Kama ni kweli, itabidi niandike barua kwa wakubwa."

Macho ya mwalimu wa Twiga yalijaa maji. Alikuwa akisugua chaki vidoleni bila kujua, na unga mweupe ulikuwa ukianguka juu ya sketi yake nyeusi. Niliutazama unga ule.

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Mama alikuwa tayari anazungumza tena.

"Ni mimi, Mama! Mwalimu hajasema. Nimesema mimi."

Saa iliendelea kupiga. Mama alinitazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha alisimama, akamwendea mwalimu. "Nisamehe, mwalimu. Nimekutuhumu mbele ya mkubwa wako, na kosa liko nyumbani kwangu."

"Nami nikusamehe nini, mama?" mwalimu alijibu akifuta macho. "Umekuja kumpigania mtoto. Wazazi wengine hata hawaji."

Nilitarajia kofi tukiwa njiani. Halikuja. Mama aliuliza tu, "Kwa nini?"

"Ulimpa mfuko wangu," nilisema, na machozi yakanitoka. "Ukasema yeye ndiye mkubwa."

Mama alikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, palepale barabarani.

"Utamwambia mwenyewe," alisema. "Mimi sitakusemea."

Twiga alikuwa uani akianika mashuka. Nilimwambia yote, hata yale ya "kama mama mtu mzima". Nilitaka kuyaruka, nikashindwa. Aliliachia shuka likaanguka kwenye vumbi.

"Wewe?" alisema. "Nilikuuliza kama nanuka. Nikaoga mara mbili."

Aliingia ndani na kufunga mlango. Ningeona nafuu kama angenipiga.

Baba aliweka pasi pembeni, akaenda kugonga ule mlango. "Twiga, nifungulie." Akagonga tena. "Mwanangu, nimekaa mbali nawe siku tatu. Sijakukasirikia. Niliona haya, nikafikiri haya ya kina baba ni heshima. Kumbe nimekuacha peke yako. Toka uje ukae karibu nami, unisimulie."

Baada ya muda mlango ulifunguka. Baba alimpisha kwenye benchi. Mama alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele yetu sote.

"Nianze na kosa langu," alisema. "Nilishona mfuko mmoja, nikamweleza mtoto mmoja, kana kwamba mwili hufuata zamu ya kuzaliwa. Haufuati. Kuna wanaoanza na miaka tisa au kumi, kuna wanaoanza na kumi na nne au kumi na tano. Twiga, mwili wako haujakimbia mbele ya mtu wala haujaharibika. Nilipaswa kukueleza mapema, ili upate damu ukiwa unajua. Nilikuacha ukaogopa, na hilo ni langu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, wivu ulikuwa na haki ya kuuma. Ungekuja kwangu ukasema, 'Mama, umeniumiza.' Hayo ni mambo yako, yaseme. Lakini mwili wa mwenzako si habari yako ya kutangaza, na anayenyamaza mtu mwingine akilaumiwa amekosa mara mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Usinijibu mimi."

Ijumaa mwalimu alizungumza na darasa zima, wasichana kwa wavulana, juu ya balehe: chunusi, sauti zinazokatika, vifua, hedhi, jasho. Aliniomba niingie. Nilisimama mbele ya wanafunzi wa chini yangu nikasema kwamba nilitoa siri isiyo yangu kwa sababu ya wivu, na maneno niliyoongeza yalikuwa ya uongo. Redio alikuja nami bila kuitwa, akasema na lake. Yule msichana aliyepiga goti aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa dawati. Twiga hakuwapo kunisikia. Sikujua kama angerudi kamwe.

Jumatatu niliamka nikamkuta amevaa sare, anafunga kamba za viatu. Alichukua begi lake, akasimama mlangoni akinipa mgongo.

"Sijakusamehe bado, Dada."

"Najua."

Alirekebisha begi begani.

"Twende. Tutachelewa."