Mluzi wa Eladio

Mchana mmoja, rafiki yangu Yesenia alipanda treni ya chini ya ardhi kutoka Bronx, akimpelekea dada yake supu. Kabla ya Mtaa wa 86 treni ikasimama kando ya stesheni iliyofungwa zamani, na taa zikazimika. Kutoka kwenye jukwaa tupu akasikia mluzi, ule ule ambao marehemu mumewe Eladio alizoea kumwitia kutoka barabarani.

"Usiitike, mama," mzee aliyeketi kando yake akanong'ona.

"Niache, mzee wangu. Mwaka mzima sijamsikia." Akapaza sauti: "Eladio! Niko hapa!"

Mluzi ukakatika. Taa zikawaka, treni ikaondoka. Mzee akainuka, akaenda kukaa mbali naye.

Kisha mluzi ukaanza tena, taratibu, ndani ya behewa la jirani.