Sita au Tisa

Lori lilikuwa limeshatoka kiwandani.

Jasusi alilifuata kwa pikipiki ya Yamaha, bastola ya Beretta kiunoni. Nyuma yake alimpakia Dada Gundi, msimamizi wa wapaka gundi wa kiwanda kile cha viatu. Kwa miezi mitano jasusi alijifanya shemeji yake ili apate kazi pale. Kiwanda kizima kilimwita Shemeji.

Ndani ya lori mlikuwa na mapipa arobaini ya thina ya magendo, ile dawa kali ya kuyeyushia gundi, yameandikwa "sabuni ya maji". Mwenye mzigo alikaa mbele na dereva: mgeni waliyemwita Mtaalamu, mpimaji wa afya wa kiwanda. Mapajani alipakata sanduku la karatasi.

Karatasi ndizo zilizokuwa roho ya kazi. Vipimo vya masikio vya wapaka gundi ishirini na watatu, miaka minne mfululizo. Mtaalamu aliyapima mwenyewe, akaona masikio yanakufa mwaka hadi mwaka, akanyamaza. Zikipotea, atasema ni uzee. Nani ataamini kwamba mvuke wa thina unaingia puani, unakula masikio, na kelele za mashine zinamalizia?

Yadi ya makontena. Mageti kumi. Lori likakata kona, likapotea.

Redio ya Motorola ikakoroma. Mkuu wake, akiwa juu ya mnara wa yadi.

"Anatokea geti la tisa."

"Sita. Nimepata."

Akavuta mafuta.

Geti la sita lilikuwa na mnyororo na kufuli.

"Hilo lina kutu kuliko mimi," alisema mlinzi mzee. "Unamtafuta nani?"

Jasusi alijibia redioni: "Mkuu, hapa hakuna kitu."

"Hapo wapi? Nimesema tisa."

"Ndiyo, sita. Niko sita."

Sauti aliisikia, tena kubwa. Neno ndilo lilifika limetafunwa. Toa zile herufi zinazopuliza, sita na tisa ni mtu na ndugu yake.

Shemeji akaishusha redio, akaitumbulia macho. Miezi mitano tu.

Dada Gundi aliona ule uso. Alishauona kwa wengine.

"Na wewe tayari? Karibu kwenye ukoo." Hakuwa anacheka. "Kwetu nani anataja sita? Tunasema tano na moja. Tisa ni kumi kasoro. Tulichoka kuchanganya saizi za soli."

"Nilidhani mnatania."

"Utani wa viziwi huo, shemeji."

Dada Gundi akaishika redio.

"Mkuu, usiseme. Bonyeza. Nihesabie kwa taa."

Taa ya kijani ya redio ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Dada Gundi akahesabu kwa kumgonga begani.

Tisa.

Walifika pua ya lori ikiwa nje ya geti. Risasi karibu na thina ni wazimu, basi Beretta ikabaki kiunoni. Shemeji akarusha mkanda wa miiba ya chuma. Matairi mawili yakapumua. Lori likapiga magoti.

Dereva akashuka, mikono juu. Mtaalamu akashuka na sanduku, mkono mwingine una kiberiti cha gesi.

"Mkisogea nachoma."

Dada Gundi akasogea.

"Mama, nimesema nachoma."

"Sema kwa nguvu. Sikusikii."

Alizidi kwenda, polepole, kama anayekwenda kuchukua chake. Mtaalamu alitazama mapipa nyuma yake, akatazama kiberiti. Hakukiwasha.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema.

"Haya hayakuwa ya kufa," alijibu Dada Gundi. Hilo alilisoma midomoni. "Uliyaua wewe."

Akalishika sanduku. Shemeji akaukunja ule mkono wa kiberiti mpaka ukaachia.

Mtaalamu alifungwa miaka kumi na mmoja. Dereva alitoa ushahidi, siku hizi anaendesha gari la maji. Kiwanda kilibadili gundi, kikaweka feni za kuvuta mvuke. Wapaka gundi walishinda kesi, masikio hayakurudi. Dada Gundi alihamishiwa chumba cha kukata ngozi, chenye madirisha. Bado anasema kumi kasoro.

Shemeji alipimwa masikio. Daktari alimwonyesha mstari unaoshuka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi, akamwambia hautapanda tena. Alirudisha Beretta na Motorola, akasaini kuacha kazi, akatoka kwa mlango wa mbele, mikono mfukoni.

Mkuu alimwita mara mbili kutoka ngazini. Hakugeuka. Waliokuwa pale walisema ni maringo.